Miche Izoeshwe Kiu Kabla ya Kuhamishwa Shambani

Miche mingi ya sukuma wiki, kabichi na nyanya inayokufa wiki ya kwanza shambani haina ugonjwa wowote. Imelelewa kwenye kitalu chenye kivuli, ikanyweshwa kila asubuhi, kisha ikatupwa kwenye jua la Ahero (Kisumu) au Bahati (Nakuru) siku moja.

Mmea ukianza kukosa maji hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, kwa kifupi ABA. Kazi yake ya kwanza ni ya haraka: hufunga stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke. Ya pili huchukua saa nyingi, hata siku. ABA huamsha jeni zinazotengeneza protini na sukari za kulinda seli maji yanapopungua. Mche uliokaushwa ghafla haupati muda huo.

Kuvumwani, ile mimea mifupi ya kijani inayofunika mawe na mashina ya miti, inaonyesha jambo hili vizuri. Vijani vyake havina stomata za kufunga, kwa hiyo kinga yote iko ndani ya seli. Aina moja iliyochunguzwa sana maabara, Physcomitrium patens, hufa ikikaushwa haraka, lakini ikipewa ABA kwanza hukauka na kuchipua tena ikipata maji. Punje ya mahindi nayo hujikinga kwa njia hiyo inapokomaa, ndiyo maana mbegu yenye unyevu wa asilimia 13 bado huota. Ikishaota, uwezo huo hupotea. Kwa hiyo usitarajie mche wako ufufuke kama kuvumwani. Utakachopata ni mche unaohimili siku chache ngumu, na hizo zinatosha.

Anza siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha. Siku tatu za kwanza ondoa kivuli asubuhi tu, ukirudishe kabla ya saa tano, na umwagilie mara moja kwa siku. Baadaye acha kitalu wazi kutwa nzima na umwagilie kila baada ya siku mbili. Usiweke mbolea ya nitrojeni ya CAN kipindi hiki: huleta majani mapana na laini, yanayopoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuleta.

Kipimo ni jani lenyewe. Likilegea saa saba mchana na kusimama jioni, mambo ni sawa. Likiwa bado limelegea saa kumi na mbili asubuhi, umepitiliza; mwagilia papo hapo. Miche ya trei usiiruhusu kukaa siku mbili bila maji, kwa sababu udongo wa kila kishimo ni kidogo mno. Inua trei kwa mkono: ikiwa nyepesi, nywesha. Na usiendeleze zoezi hili wiki tatu ukidhani unaongeza nguvu. Mche hudumaa, shina huwa gumu na la zambarau, na huchelewa kuanza kukua shambani.

Jioni ya kuamkia siku ya kung'oa, lowesha kitalu kabisa. Wengi huruka hatua hii wakiona miche tayari ni migumu. Kung'oa hukata mizizi midogo inayonyonya maji, hivyo mche huishi kwa maji yaliyo ndani yake mpaka itoke mingine.

Panda kuanzia saa kumi jioni au siku ya mawingu, sukuma wiki kwa sentimita 60 kwa 45, na ubonyeze udongo ushike mizizi. Nyanya izikwe hadi karibu na majani ya kwanza, maana shina lake hutoa mizizi. Udongo mwepesi wa volkano wa Nakuru hukauka upesi, kwa hiyo mwagilia kila siku wiki ya kwanza. Ule mweusi wa tambarare za Kano, Kisumu, hushika maji lakini hupasuka na kukata mizizi. Ufunike kwa nyasi kavu, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze.