Jinsi ya kununua didjeridu na mchoro wa gome la mti bila kuuziwa feki

Kila likizo ikikaribia watu wa kwetu tulioko huku Australia, wa Perth, wa Melbourne, wa Brisbane, wananitumia picha ya didjeridu, lile gogo refu lenye uwazi ndani linalopulizwa kama ala ya muziki, iko dukani na swali ni lile lile, kaka hii ni orijino? Mi kazi yangu ni kufremu na kufunga sanaa za kusafirishwa, na didjeridu napiga, basi naweka hapa jinsi ninavyofanya mwenyewe nikienda kununua, fuata hivyo hivyo.

Hatua ya 1: jua kwao ni wapi

Didjeridu siyo ya Waaborijino (wenyeji wa asili wa Australia) wote, asili yake ni kaskazini, hasa Arnhem Land na majirani zake. Mashariki ya huko Wayolngu wanaiita yidaki, upande wa magharibi kule Gunbalanya na Maningrida inaitwa mago. Arnhem Land ndo nyumbani pia kwa michoro ya magome. Zile nukta nukta unazoziona kila duka la watalii ni staili ya jangwani katikati ya nchi, zilianza kuhamia kwenye mbao na turubai pale Papunya mwaka 1971. Kwa hiyo ukikuta gogo limejaa nukta na kangaruu na muuzaji anaapa ni ya kale ya Arnhem Land, hapo anza kuuliza maswali.

Hatua ya 2: uliza jina kabla ya bei

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, wengi wanairuka. Uliza nani katengeneza, ukoo gani, anaishi jamii gani, na yeye kalipwaje. Mwenye mali ya kweli atakujibu bila kusita na cheti atakupa, chenye jina la msanii, mahali, vifaa vilivyotumika, namba ya kazi na mara nyingi hadithi ya mchoro. Ukiambiwa tu "ni ya Kiaborijino, imechorwa kwa mkono" bila jina la mtu, rudisha hela mfukoni. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliipiga kampuni ya Birubi Art faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza didjeridu, bumerangi na vitu vingine vilivyotengenezwa Indonesia huku mnunuzi akiaminishwa ni kazi ya Waaborijino, na ripoti ya tume ya serikali ya 2022 ilikuta zaidi ya nusu ya hela ya zawadi za kitalii za aina hii inaenda kwa vitu feki. Ni mchezo ule ule wa kupaka kiwi mti wa kawaida ukauzwa kama kinyago cha mpingo, tunaujua vizuri, na anayeumia ni yule mchongaji wa kweli.

Mi nanunua kwenye vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na jamii zenyewe: Buku-Larrnggay Mulka kule Yirrkala, Injalak kule Gunbalanya, Maningrida, Bula'bula kule Ramingining. Kuingia Arnhem Land kunahitaji kibali lakini huna haja ya kusafiri, wanauza onlaini na wanatuma, na kila mwezi wa 8 kuna maonyesho makubwa Darwin vituo vingi vinakuja, unaongea na wasanii wenyewe uso kwa uso. Duka la kawaida nalo siyo lazima liwe baya, angalia kama limejiunga na Indigenous Art Code, yaani kanuni za maadili za wauzaji wa sanaa za wenyeji, halafu uliza maswali yale yale.

Hatua ya 3: kagua yidaki kwa macho na vidole

Mti wenyewe ni mkaratusi ambao mchwa wameshaula moyo ukiwa bado umesimama. Fundi anazunguka porini akigonga shina moja moja kusikiliza lipi lina uwazi wa kutosha, na mengi anayaacha. Sasa washa tochi ya simu uangalie ndani, njia ya mchwa haijanyooka, ina mabonde na kona. Ukiona tundu limenyooka na duara kamili, hiyo ni mashine. Pitisha kidole kwa nje toka juu mpaka chini, ukikuta mshono wa gundi pande mbili basi gogo lilipasuliwa, likachimbwa, likaunganishwa tena. Mianzi ina historia yake huko kaskazini, zamani ilitumika kabisa, ila mwanzi wa bei chee dukani leo uulizie kwanza umetoka wapi. Utepe wa umeme uliozungushiwa mwilini usikutishe, hata Arnhem Land wanazungushia kuziba nyufa.

Hatua ya 4: ipulize

Mdomoni kuna nta au mbao tupu iliyolainishwa. Legeza midomo, pulizia itetemeke, sauti nzito ije haraka bila kukutoa jasho. Ikiwa pumzi inaishia hewani tu hiyo itakuchosha. Yidaki ya mashariki jaribu pia kukaza midomo, itoe mlio wa juu kama honi, maana mtindo wa huko unautumia sana. Dada zangu mnaoniuliza, kwenye sherehe za Arnhem Land wapigaji ni wanaume, nje ya sherehe mitazamo inatofautiana jamii na jamii, muulize anayekuuzia na mheshimu jibu lake.

Hatua ya 5: mchoro wa gome

Gome linabanduliwa msimu wa mvua mti ukiwa umejaa maji, wanakwangua nyuzi za nje, wanalipasha moto, wanalilaza na kulikandamizia mawe mpaka likauke, na upande wa ndani ndo unachorwa. Kwa hiyo geuza nyuma, lazima uone ugumu wa gome halisi. Rangi ni udongo mwekundu, wa njano, mweupe, na nyeusi ya makaa, gundi ya mbao iliyochanganywa humo ni kawaida siku hizi. Mistari myembamba inayokatizana, magharibi wanaiita rarrk, inachorwa kwa unyasi mwembamba, na Yirrkala kwa brashi ya nywele za binadamu, uisogelee uone mkono wa mtu.

Michoro hii ina wenyewe, kila ukoo una yake na inasema ardhi ipi ni ya nani. Mwaka 1963 watu wa Yirrkala walipokatiwa ardhi kwa ajili ya mgodi wa boksiti walipeleka bungeni Canberra ombi lililobandikwa juu ya magome yenye michoro yao, na bado yako bungeni. Ndo maana hata ukishanunua huruhusiwi kuichapa kwenye fulana, umenunua gome, mchoro ni wa ukoo.

Hatua ya 6: kusafirisha na kutunza

Gome la zamani la thamani kubwa linaweza kuhitaji kibali cha kulitoa nje ya Australia, sheria ni ya 1986, uliza kabla ya kulipa. Mbao na gome vitaje karantini ukifika. Usilikunje gome wala kulibana lilale sawa, litapasuka. Litundike mbali na jua na mbali na AC inayowashwa na kuzimwa, maana kinacholiua ni unyevu kupanda na kushuka. Yidaki isiachwe ndani ya gari juani, na ukimaliza kupiga isimamishe ikauke. Vumbi la kwenye gome ondoa kwa brashi laini kavu, kitambaa chenye maji kitaondoka na rangi.