SOMO: Fleti yako Dar imekaa sokoni na mnunuzi haonekani, kagua hivi

Wakuu salaam. Kila siku naona mtu anatangaza fleti, Upanga, Mikocheni, Kariakoo, Kijichi, miezi inapita tangazo ni lile lile ila sasa limeongezewa "bei inazungumzika" na "mwenye nyumba ana shida ya haraka". Alafu mwenyewe anapaka rangi upya, anabadilisha makabati ya jikoni, bado kimya. Nipo kwenye kazi ya kuuza nyumba na ninachokiona ni kwamba fleti nyingi hazikosi mnunuzi kwa ubaya, zinakosa kwa sababu mwenye hela anaogopa kitu ambacho muuzaji hajawahi hata kujiuliza. Anayenunua kiwanja ananunua ardhi na mipaka yake basi. Anayenunua fleti anajifunga na jengo zima, na majirani, na lifti, na tanki la maji la pamoja, na hati ambayo mara nyingi hata muuzaji hajawahi kuishika. Hiyo hofu ndo unatakiwa uitoe, rangi baadaye.

Hatua ya 1: Jua wateja wanakatikia wapi

Usiguse chochote kabla ya hapa. Kama simu haiiti kabisa, shida ni bei au tangazo. Simu zinaita ila hamna anayekuja kuona, basi kuna kitu ukishakitaja wanakata tamaa, mara nyingi ni ghorofa ya ngapi, lifti, au sevisi chaji (mchango wa wenye fleti wa kuendesha jengo). Wanakuja, wanazunguka, wanaondoka na "tutakupigia", hapo kuna kitu wamekiona au wamekinusa. Na wale wanaorudi mara ya pili na mke au kaka yao, mnavutana bei mpaka mnaelewana, wanaleta na wakili, alafu wanapotea jumla, hao wamepotelea kwenye makaratasi. Ukishusha bei wakati shida ni hati umejipunja bure, tena mnunuzi akiona bei inashuka bila sababu ndo anazidi kuogopa.

Hatua ya 2: Bei, na hapa naomba tusidanganyane

Wauzaji wengi wanajumlisha walichotumia: nilinunua milioni 180, nikaweka jipsamu, eisii tatu, tailizi mpya, kwa hiyo 260. Mnunuzi hana habari na jipsamu yako. Yeye anapiga hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya pango. Chukua fleti inayopangishwa laki 8 kwa mwezi, hiyo ni milioni 9.6 kwa mwaka. Ukimuuzia kwa milioni 240 anapata asilimia 4, na hapo hujatoa kodi ya zuio (ile inayokatwa juu kwa juu) ya asilimia 10 kwenye pango, hujatoa miezi ambayo haina mpangaji, hujatoa fundi bomba. Na huyo huyo anajua kuna hatifungani za serikali za muda mrefu (unaikopesha serikali, inakulipa riba) zinazouzwa na Benki Kuu, BoT, ambazo miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hatifungani haivuji maji kwa jirani wa chini. Sasa mshawishi.

Ya pili ni ya kiwanja. Mtanzania mwenye milioni 200 akilala anaota Goba, Madale, Kibada, ajenge taratibu, awe na geti lake na mti wake wa mwembe. Kwa ukubwa huwezi kumshinda huyo. Unamshinda kwa vitu ambavyo kiwanja hakimpi: anahamia wiki hiyo hiyo, Posta ni karibu, hakai kwenye foleni masaa mawili asubuhi na masaa mawili jioni, hahangaiki na mafundi. Kama tangazo lako halisemi hayo basi umemwachia Goba ikushinde bure.

Bei halisi unaipata kwa kuuliza zilizouzwa kweli kwenye jengo lako au la jirani, sio zilizotangazwa, maana zilizotangazwa ni ndoto za majirani zako. Ukishindwa mlipe mthamini aliyesajiliwa, ripoti ya uthamini itahitajika tu mbele ya safari mkifika kwenye kuhamisha umiliki.

Alafu wale mnaoandika bei kwa dola acheni. Tangu kanuni za 2025 zitoke, kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni kwa mambo ya ndani ya nchi ni marufuku, na mnunuzi makini akiona dola anajua anaongea na mtu asiyefuatilia. Isitoshe kwa Bara raia wa kigeni hamiliki ardhi kwa makazi tu, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamruhusu kwa uwekezaji. Wageni wenye dola zao wengi wanaangalia Zanzibar ambako sheria inawaruhusu kununua fleti kwenye miradi maalum. Mteja wako ni Mtanzania mwenye shilingi, muandikie yeye.

Hatua ya 3: Makaratasi, na hapa ndo biashara nyingi zinakufa

Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu kila fleti kuwa na hati yake peke yake ndani ya jengo. Lakini majengo mangapi yamefanya hivyo? Mengi bado yana hati moja kubwa ya kiwanja kwa jina la aliyejenga, nyie wenye fleti mna mkataba wa mauziano na risiti. Mnunuzi wa keshi anaweza kukubali kwa bei ya kutupa, ila anayetegemea mkopo wa benki huyo hayupo kabisa, benki itashikilia nini? Kama uko hapa, nenda kwa aliyejenga na wenzako mdai hati zigawanywe. Ni kazi ya kuchosha, inaweza ikachukua muda mrefu, ila faida yake ni kubwa kuliko makabati yoyote.

Kama hati unayo, fanya upekuzi mwenyewe kwa Msajili wa Hati kabla mnunuzi hajafanya. Unaweza kukuta rehani ya zamani ulishamaliza kulipa ila haijaondolewa, au zuio aliloweka ndugu. Lipa kodi ya pango la ardhi, tunza risiti. Kama ni nyumba ya familia, mwenza wako asaini ridhaa mapema, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda na mauzo bila ridhaa yake yanaweza kupingwa, mawakili wote wanalijua hilo. Kama ni ya mirathi, bila barua ya usimamizi kutoka mahakamani huna cha kuuza, na hata ukiwa nayo wakalishe warithi wote chini kwanza, maana nimeshaona shangazi katokea Tanga siku ya kusaini na biashara ikaishia pale pale mezani kwa wakili soda hazijafunguliwa.

Kodi nazo mziweke wazi siku ya kwanza. Kwa mkazi, kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 10 ya faida, na kuna ushuru wa stempu asilimia 1. Semeni nani analipa nini. Mkiacha mpaka mwisho mtagombana kwa kitu kinachojulikana.

Hatua ya 4: Panda ngazi kama mgeni

Toka nje, ingia tena kwa geti, panda taratibu. Mnunuzi ameshaamua nusu kabla hujafungua mlango. Taa ya ngazi ghorofa ya pili imeungua tangu lini? Mifuko ya taka iliyowekwa nje ya milango, kunguru wameshaichana, maji ya taka yanatiririka kwenye ngazi. Waya za dishi zinaning'inia. Mlinzi hajui hata jina lako.

Ndani sasa. Baba anauliza bei na paking, mama anakwenda moja kwa moja jikoni anafungua bomba. Likitoa hewa fyuuu kabla ya maji, umekwisha, hata ueleze vipi kuhusu mgao wa DAWASA. Akitoka hapo anaingia chooni, anaangalia juu kama dari lina doa la njano kutoka bafu la ghorofani. Watu wanapaka rangi juu ya hilo doa jana yake ili kulificha, mama anabonyeza na kidole gumba, plasta inaingia ndani kama mkate. Hakuulizi kitu, anamwangalia mumewe tu. Kwa hiyo kaa na jirani wa juu mzibe bomba kwanza, ukuta ukauke kabisa, alafu ndo rangi. Na mlete mteja siku ambayo maji yapo na tanki la juu limejaa.

Sevisi chaji kama unadaiwa lipa, au sema kabisa itakatwa kwenye bei. Mnunuzi anaulizaga majirani, hawachelewi kumwambia. Omba kwa umoja wa wamiliki barua kuwa hudaiwi, karatasi moja tu ila inatuliza mtu sana.

Hatua ya 5: Madalali

Fleti moja imepewa madalali saba. Wewe umesema 150. Wa kwanza anaweka cha juu, yaani chake juu ya bei yako, anaandika 160, anampa mwenzake anaandika 175, wa tatu anaiba picha anaandika 140 ili simu zimiminike. Mteja anakaa Instagram jioni anaona sebule ile ile, pazia lile lile, bei nne. Anafikiri utapeli, anapita. Chagua mmoja, wawili wakizidi sana, andikishianeni kamisheni, bei iwe moja kila mahali na cha juu marufuku.

Hatua ya 6: Picha

Mchana, madirisha wazi, ndoo na kanga zitoke bafuni, simu uilaze kwa upana unapopiga. Weka picha ya geti, ngazi na paking pia, na useme ukubwa kwa mita za mraba. Hapa sina mengi.

Haya, maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Shakila: Asante kwa somo kaka. Mimi yangu iko Upanga ghorofa ya nne, lifti hakuna na haijawahi kuwepo. Wanakuja wanahema wanaondoka 😅 nishushe bei?

Jibu: Dada, kushuka kidogo chini ya zile za ghorofa ya kwanza ni lazima, huo ni ukweli wa soko. Ila kwanza badilisha unayemuita. Familia yenye bibi haitanunua, usipoteze nao muda. Uko karibu na Muhimbili, kuna madaktari vijana, kuna wanaotaka kupangishia wanafunzi wa MUHAS, hao ngazi sio kesi. Na andika "ghorofa ya nne, ngazi" kwenye tangazo lenyewe, watapungua wanaokuja ila watakaokuja ni wa kweli. Juu kuna upepo wa bahari, waonyeshe jioni.

Kijana wa Mbagala: Mkuu hapo kwenye cha juu umekosea, dalali bila cha juu anakula nini? Nyie wenye nyumba kamisheni mnaahidi hela ikiingia mnazima simu.

Jibu: Hilo nakubali, wapo wenye tabia hiyo na wanaharibu soko. Ndo maana nimesema muandikishiane. Kamisheni iandikwe kwenye mkataba, ilipwe kwa wakili siku ile ile hela ya mnunuzi inapoingia, sio baadaye. Dalali akiwa na uhakika wa chake hana sababu ya kuficha bei.

Mzee wa Ughaibuni: Nipo Manchester, fleti iko Mikocheni, dada yangu ndo anaonyesha. Wateja wakisikia mwenyewe hayupo wanarudi nyuma. Nifanyaje?

Jibu: Wana haki mkuu, watu wameuziwa sana nyumba na "dada wa mwenye nyumba". Mpe dada nguvu ya kisheria ya maandishi, isainiwe mbele ya notari huko, ikija huku isajiliwe. Hela isipite kwa dada wala kwa dalali, iende kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati au ya wakili mliyekubaliana. Piga video ukiwa na hati na pasi yako uongee na mteja mwenyewe. Na swali la pembeni, ulishachukua uraia wa huko? Kama ndiyo muone wakili kabla hujatangaza tena, maana hatuna uraia pacha na hilo linagusa umiliki wako wa ardhi, usisubiri mnunuzi aligundue.

Mama Shakila: Samahani narudi tena. Nina mpangaji ndani, kila nikileta mteja anasema amesafiri.

Jibu: 😂 Hajasafiri, anaogopa kufukuzwa. Kaa naye, mwambie ukweli kuwa unauza na mkataba wake utaheshimiwa mpaka uishe, mpangie siku moja tu ya wiki ya kuonyesha, mpunguzie kodi mwezi huo. Mpangaji anayelipa vizuri ni mtaji, kwa mnunuzi anayetaka pango muonyeshe mkataba wake na risiti. Ila akishakununia atamwambia mteja mpaka mende waliokuwepo 2019.

Fundi Tailizi: Na samani au bila samani?

Jibu: Bila, labda kama ni ya kupangisha kwa siku. Makochi yako makubwa yanafanya sebule ionekane banda.

Neema_K: Mimi nimepata mtu, bei anaikubali vizuri kabisa ila anataka alipe nusu sasa, nusu kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na anataka ahamie sasa hivi. Nikubali?

Jibu: Nusu sasa sawa, kuhamia sawa kama umemchunguza, ila usisaini hati ya uhamisho wala usimkabidhi hati mpaka shilingi ya mwisho. Hati ikae kwa wakili. Mkataba utaje tarehe za kila awamu, na akikwama nini kinatokea: anarudishiwa kiasi gani, anatoka ndani ya siku ngapi, miezi aliyokaa inahesabiwa pango au hapana. Sevisi chaji na LUKU ziwe zake tangu siku anayopokea funguo. Akigoma kuandika hicho kipengele cha kukwama, muache aende.