Jinsi ya kufuatilia maji ya bahari kwa seziamu

Kabla ya kushika chupa, jua unachouliza: maji haya yametoka wapi, na yamesafiri muda gani? Swali ndilo linalochagua isotopu, yaani aina ya atomi nururifu utakayoifuatilia. Kwa maji ya Pasifiki baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya Machi 2011, mimi huanza na seziamu-134. Nusu-uhai yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 2 na kidogo tu, kwa hiyo ukiikuta humo haikutokana na majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960. Seziamu-137, ya miaka 30, huchanganya ya mabomu na ya Fukushima.

Chota lita 20 hivi kwa kila kina, uandike papo hapo mahali, tarehe, jotoridi na kiwango cha chumvi. Bila hivyo hutajua maji ni ya tabaka lipi. Chuja, tia asidi, kisha ongeza kiasi unachokijua cha seziamu ya kawaida isiyo nururifu. Hiyo itakuonyesha kilichopotea njiani. Pitisha maji kwenye resini inayonasa seziamu, polepole, tafadhali polepole. Kausha resini, uiache kwenye kipima gama, chombo kinachohesabu miale ya gama, siku mbili tatu.

Sasa hesabu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tuseme sampuli ya mwisho wa Aprili 2015 ina bekereli (atomi inayooza kila sekunde) 0.5 za seziamu-134 na 3.0 za seziamu-137 kwa mita ya ujazo. Nusu-uhai mbili zimepita, basi zidisha 0.5 kwa 4: siku ya ajali zilikuwa 2.0. Fukushima ilitoa isotopu hizo karibu sawa kwa sawa, kwa hiyo seziamu-137 yake nayo ilikuwa 2.0, na sasa imepungua hadi 1.8. Zile 1.2 zilizosalia ni za mabomu.

Rudia vituo vilevile kila mwaka. Ndivyo maji yenye seziamu ya Fukushima yalivyoonekana kilomita 1,500 magharibi mwa British Columbia Juni 2012, na mwaka mmoja baadaye karibu na pwani ya Kanada.

Leo seziamu-134 ile imekwisha karibu yote. Ukielekea Aktiki, tumia iodini-129 pamoja na urani-236 kutoka Sellafield (Uingereza) na La Hague (Ufaransa), viwanda vya kuchakata upya mafuta ya nyuklia. Hizi hudumu mamilioni ya miaka, hivyo umri wa maji utaupata kwa kulinganisha uwiano wa isotopu hizo mbili na kumbukumbu za utoaji wa viwanda hivyo, mwaka kwa mwaka.