Nyanya ikinyauka mchana, usikimbilie ndoo

Kuna swali naulizwa kila kiangazi, na mara nyingi anayeuliza ameshamwagilia kabla hajapiga simu: "Bwana shamba, nyanya zangu saa saba mchana zinalegea kabisa, nizidishe maji?" Nami humuuliza: alfajiri zinakuwaje?

Maji ndani ya mmea kwa sehemu kubwa hayasukumwi kutoka chini, yanavutwa kutoka juu. Kwenye jani, hasa upande wa chini, kuna vitundu visivyoonekana kwa macho. Jua likiwaka, maji hutokea hapo yakiwa mvuke, na yanayotoka huyavuta yaliyo nyuma yake, msururu mmoja kutoka jani, kupitia mishipa ya shina, mpaka kwenye vinyweleo vya mizizi. Katika kila lita 100 zinazonyonywa, zaidi ya 95 huishia hewani.

Mbuyu una shina la kuwekea akiba. Mkonge wa kule Tanga hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku. Nyanya haina ghala la namna hiyo. Ghala lake ni udongo ulioizunguka. Basi saa saba mchana majani yakipoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoleta, mmea hulegea. Mmea ukisimama tena jioni, hauna shida. Ukiamka alfajiri ukaukuta bado umelala, hapo kuna jambo.

Fukua udongo karibu na shina, kina cha kidole kizima. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi na mapema, maji yazame. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku huilea mizizi juujuu, na huko juu ndiko kunakokauka kwanza.

Udongo ukiwa umelowa na mmea bado umenyauka, weka ndoo chini. Huenda mizizi imekosa hewa, nayo isipopumua hainyonyi hata ikiogelea. Chimba mtaro maji yatoke. Au ni mnyauko bakteria: vijidudu vimeziba mishipa, na mmea hulala ghafla ukiwa bado wa kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni wenyewe. Dawa ya kuuponya mmea huo hakuna, hata muuza duka akikuapia. Ng'oa pamoja na mizizi, uondoe shambani, safisha jembe na kisu, na usiache maji ya mtaro yatoke hapo kwenda kwenye matuta mengine. Msimu ujao usirudishe hapo nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Panda mahindi, tena kwa misimu kadhaa.

Lipo jambo moja linalowapotezea wakulima fedha bure. Tunda likioza kitako, likawa na doa jeusi lililobonyea, wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Huo si ukungu. Ni upungufu wa kalisiamu ndani ya tunda, na kalisiamu husafiri na maji. Majani, kwa kuwa yanatoa mvuke mwingi, huchukua fungu kubwa. Tunda huambulia kidogo. Ukimwagilia leo ukaruka siku nne, tunda ndilo linaloumia kwanza. Kupulizia kalisiamu majanini kunasaidia kidogo sana, maana ikishaingia kwenye jani haitoki tena kwenda kwenye tunda. Na maji mengi ya ghafla baada ya ukame ndiyo yanayopasua nyanya zilizokaribia kuiva. Mwagilia kwa ratiba isiyoyumba, na usizidishe urea, kwa sababu hiyo huongeza majani ya kugombania maji na tunda.

Mbolea ya chumvichumvi usiigusishe na shina. Ikirundikana karibu na mizizi, mizizi hushindwa kunyonya maji hata udongo ukiwa na unyevu.

Miche ihamishe jioni, na bonge lake la udongo, kwa kuwa vinyweleo vya mizizi hukatika kwa kuguswa tu. Kisha tandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi, unene wa vidole vinne hivi, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Siku ya tatu, saa saba mchana, ingiza mkono chini ya matandazo hayo, halafu uguse udongo ulio wazi pembeni.