Kabla hujashika kibarua cha dagaa ukiwa mlengwa wa TASAF

Dagaa wakichangamka, kina mama wa Gungu, Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, huulizana lile lile: nikienda kuanika dagaa mwalo wa Kibirizi, jina langu litakatwa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku? Wengi wakishajibiwa hilo huona mambo yamekwisha, na hapo ndipo wanapoumia.

Kuhusu jina, muulize mtendaji wa mtaa au kamati ya jamii inayosimamia mpango, usimuulize jirani. Kaya hutolewa baada ya hali ya kaya nzima kutathminiwa, si kwa kuwa umeonekana na beseni kichwani wiki mbili. Kibarua usikifiche. Wakija kuhoji, sema kweli.

Halafu piga hesabu ya mwezi, si ya siku. Ukitajiwa ujira wa siku, usizidishe mara 30. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hubaki ufukweni. Toa siku hizo. Toa siku za mvua, dagaa hawakauki. Toa nauli na chakula cha mwaloni. Kinachobaki ndicho ukilinganishe na ruzuku, tena ukikumbuka kwamba ruzuku ni ya miezi 2 kwa mpigo.

Sasa watoto. Hapa nisikilize vizuri. Ruzuku si fungu moja. Lipo la kaya, na yapo yanayofuata masharti: mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mdogo apelekwe kliniki. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye watoto watatu, alipata kazi ya kuanika. Mitumbwi hurudi alfajiri, kwa hiyo aliondoka kukiwa bado giza na kitinda mimba akabaki na dada yake wa darasa la tano mpaka mchana. Mwanzo ilikuwa siku moja moja, baadaye ikawa kawaida. Kliniki nayo ikarukwa, maana ni asubuhi, saa zile zile za dagaa. Shuleni binti aliandikwa mtoro. Kitabu cha mahudhurio hakiulizi mama yuko wapi. Dirisha la malipo likafunguliwa, pesa imepungua. Akasema si kitu, kibarua kitafidia.

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ukafungwa hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Miezi 3 mizima. Kazi hakuna, na fungu lililokatwa halirudi siku ile ile mtoto anaporudi darasani, linasubiri mahudhurio yakaguliwe kwanza. Mwanamke mchapakazi yule akawa anaomba unga nyumba hadi nyumba, na binti akawa nyuma kwa masomo ya muhula mzima. Hilo la binti ndilo linaloniuma zaidi. Hakuna aliyemkataza mama kufanya kazi. Alikosa tu mtu wa kumshikia mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, taja jina la mtu atakayebaki na mdogo kila asubuhi. "Tutaona" si jina. Kama hayupo, tafuta kazi ya mchana, hata kama ujira ni mdogo. Uliza pia mwaka huu ziwa linafungwa lini, na katika miezi ya kazi usiache kununua hisa kwenye kikundi cha akiba, kwani miezi hiyo mitatu utaila kutoka huko.

Kama kaya yako imepangiwa ajira za muda za TASAF, hakikisha siku hazigongani. Siku ya malipo uwepo. Kama huwezi, uliza mapema nani anaruhusiwa kukuchukulia.

Mengine unayajua, ila nayasema. Patana kabla kama utalipwa pesa au dagaa, na lini. Kuwe na shahidi. Kitambulisho usikiache kwa tajiri kama dhamana, namba ya siri ya simu usimpe mtu hata awe shemeji, na karatasi ambayo hujasomewa usiitie dole gumba.