Ng’ombe kageuka ngâ€™ombe? Seti enkodingi ya koneksheni

Mtu kaandika ng’ombe kwa simu, simu ikaweka ile apostrofi iliyopinda, na kwenye peji yako inatokea ngâ€™ombe. Unacheki databesi, tebo zote ni utf8mb4 (enkodingi, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa baiti, inayobeba hadi emoji), meta tagi ya charset ipo, sasa shida nini? Koneksheni, yaani njia kati ya kodi yako na databesi. Yenyewe ina enkodingi yake na usipoitaja inachukua difolti, na kwenye seva za zamani difolti mara nyingi ni latin1, enkodingi ya zamani ya herufi chache. Ikiandikwa kwa koneksheni ya latin1 halafu ikasomwa kwa ya utf8mb4, ndo unapata ngâ€™ombe.

Kwa PHP na MySQL, ukitumia mysqli (njia ya PHP ya kuongea na MySQL), ni mstari mmoja tu, uweke hapo hapo baada ya kukonekti kabla hujatuma kweri yoyote:

$db->set_charset('utf8mb4');

Kama unatumia PDO (njia nyingine ya PHP) inaingia kwenye DSN yenyewe, ile stringi ya kukonekti:

mysql:host=localhost;dbname=duka;charset=utf8mb4

Utaona watu wanaandika kweri ya SET NAMES, inafanya kazi ndiyo, ila ukiwa na mysqli achana nayo, kwa sababu seva ndo inaambiwa peke yake, real_escape_string (fanksheni ya kusafisha maandishi kabla hayajaingia kwenye kweri) haijui kitu inaendelea kuhesabu herufi kwa enkodingi ya zamani, na kwa baadhi ya enkodingi hapo ndo mlango wa SQL injection (mtu kupenyeza amri zake kwenye databesi yako) unafunguka.

Na usiandike utf8 tupu. Ya MySQL inaishia baiti 3 kwa herufi, emoji ina 4, kwa hiyo meseji yenye 😀 ama inakataliwa na erra ama inakatwa kuanzia pale emoji ilipo. utf8mb4 ilikuja na MySQL 5.5.3 so huna kisingizio.

Kuhakikisha, ranisha SHOW VARIABLES LIKE 'character_set%' kutoka ndani ya kodi yako, sio phpMyAdmin maana ile ina koneksheni yake. Client, connection na results zote zisome utf8mb4.

Sasa kuna kitu kinachanganya watu wengi: ukisharekebisha, data mpya inakaa poa halafu ya zamani ndo inaharibika! Hujaiharibu wewe leo. Iliingia kwa koneksheni ya latin1 na ilikuwa inasomwa kwa koneksheni hiyo hiyo, makosa mawili yakawa yanafutana, hakuna aliyegundua. Chukua bakapu kwanza, halafu:

UPDATE bidhaa SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE jina LIKE '%â€%';

Hiyo WHERE usiitoe, rekodi ambazo ziko sawa zikipita humo zinaharibika kweli. Zilizokuwa zinaonekana ???? hazirudi, hizo zichape upya.