Kabla Hujawasha Kiendelezi cha PostgreSQL Kwenye Seva ya PHP

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: `could not find driver`, yaani dereva hakupatikana. Mwandishi wa programu akiuona anakupigia simu: "Kaka, niwashie tu kiendelezi cha PostgreSQL hapo kwenye seva, dakika mbili hizo." Ni kweli, amri ya kukisakinisha kiendelezi hicho, kipande cha ziada kinachoiwezesha PHP kuongea na kanzidata ya PostgreSQL, haimalizi hata dakika mbili. Ila dakika mbili hizo zimewahi kunikesha ofisini, na tangu siku ile nusu saa ya kwanza sigusi kitu. Natazama tu.

Seva ninayoizungumzia ni ile ya kawaida tuliyonayo wengi: Ubuntu 22.04, Nginx mbele ikipokea wageni, PHP-FPM nyuma yake ikiendesha msimbo wa PHP, na mfumo unaohama kutoka kanzidata ya MySQL kwenda PostgreSQL. Wa Debian watakuta majina ya folda ni yaleyale.

Jambo la kwanza kulijua ni PHP ipi inayoendesha tovuti. Linaonekana swali la kitoto mpaka uingie kwenye seva iliyopita mikononi mwa watu watatu. Ubuntu 22.04 huja na PHP 8.1, lakini kuna mtu aliongeza hazina ya nje (ghala la programu lisilo la Ubuntu) ili apate 8.3, akajaribu nayo kitu fulani, akaiacha hapo. Sasa ukiandika `php -v` unajibiwa 8.3, ilhali tovuti inaendeshwa na 8.1. Ile ya terminali ni CLI, ya tovuti ni FPM, na kila moja inasoma mipangilio yake: moja `/etc/php/8.3/cli`, nyingine `/etc/php/8.1/fpm`. Ndiyo maana mtu anaandika `php -m` kuorodhesha viendelezi, anaiona `pdo_pgsql`, kiendelezi chenyewe, kwenye orodha, anarudi kwenye kivinjari na bado anaambiwa dereva hayupo. Anasakinisha tena. Anawasha seva upya. Anaanza kuwashuku wenzake.

Jibu liko kwenye faili la Nginx la tovuti hiyo. Tafuta mstari wa `fastcgi_pass`, unaosema Nginx inaikabidhi PHP ipi kazi; ukikuta `unix:/run/php/php8.1-fpm.sock`, basi 8.1 ndiyo ya kushughulikia. Halafu iulize FPM yenyewe: `php-fpm8.1 -m | grep pgsql`. Wengi hawajui kwamba FPM nayo inakubali `-m`, na mimi naipenda kuliko ile desturi ya kutupia faili la `phpinfo()` kwenye folda ya tovuti. Faili lile huanza kwa "nitalifuta baadaye", na mwaka mmoja mbele bado lipo, linamwonyesha kila mpita njia matoleo ya programu zako, njia za mafaili, na pengine nenosiri la kanzidata kama liliwekwa kwenye vigeu vya mazingira.

Ukishajua namba, itaje kwenye jina la kifurushi. Andika `php8.1-pgsql`, usiandike `php-pgsql` kavukavu. Jina lisilo na namba hufuata toleo ambalo hazina inalihesabu kuwa la sasa, kwa hiyo kwenye seva yenye hazina ya nje unaomba kiendelezi cha 8.1 na kuletewa cha toleo jingine kabisa, huku ulichokitaka hakijaja. Kabla ya kusakinisha, fanya igizo: `apt-get -s install php8.1-pgsql`. Herufi hiyo `-s` inaionyesha kazi yote bila kugusa chochote. Mistari ya `Inst` (vinavyosakinishwa) iwe miwili mitatu tu, kiendelezi chenyewe na labda `libpq5`, maktaba yake ya kuongea na PostgreSQL. Ukiona `apache2`, seva nyingine ya wavuti, imejipenyeza kwenye seva ya Nginx, au ukiona neno `Remv` (kinachoondolewa) popote, simama hapo hapo, utafute sababu kwanza.

Muulize pia mwandishi wa programu anamaanisha nini hasa anaposema kiendelezi. PostgreSQL nayo ina viendelezi vyake, kwa mfano `pg_trgm` ya kutafuta maneno yanayokaribiana. Hivyo haviwashwi kwenye PHP. Vinawashwa ndani ya kanzidata kwa `CREATE EXTENSION`, tena kwa kila kanzidata peke yake, na kimoja kama `pg_stat_statements` kinadai PostgreSQL nzima iwashwe upya. Nimeshaona watu wawili wakibishana saa nzima, kila mmoja akiwa na kiendelezi chake kichwani. Na kama msimbo bado una `mysql_connect`, amri ya zamani ya PHP ya kuunganisha na MySQL, hapo hakuna cha kuwasha: ile iliondolewa tangu PHP 7.0, mwaka 2015.

Nakala ya tahadhari ya kazi hii ni ndogo na haina kisingizio. Funga folda nzima ya `/etc/php` kwa `tar`, na orodha ya viendelezi vya sasa uielekeze kwenye faili: `php-fpm8.1 -m > kabla.txt`. Baada ya kazi unatengeneza `baada.txt`, unazilinganisha kwa `diff`, na tofauti iwe mistari miwili tu, `pdo_pgsql` na `pgsql`, maana kifurushi kimoja hubeba zote mbili. Kisha fungua `tmux` kabla ya amri ya kwanza. Umeme ukikatika ofisini au bando likaisha katikati ya `apt`, kazi inaendelea kwenye seva na unaikuta ukirudi.

Usiingie kwenye `php.ini` kuandika `extension=pdo_pgsql` kwa mkono, hata kama maelekezo ya zamani yanasema hivyo. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi chenyewe huweka viungo vya mafaili yake ya mipangilio kwenye folda ya `conf.d`, na namba zilizo mwanzo wa majina ndizo foleni: `10-pdo.ini` inapita kabla ya `20-pdo_pgsql.ini`, kwa sababu wa pili anamtegemea wa kwanza. `php.ini` inasomwa kabla ya hizo zote, kwa hiyo mstari wako unaruka foleni, na logi zinajaa malalamiko ya maktaba isiyopakika au kiendelezi kilichopakiwa mara mbili. Ikitokea kiungo hakipo, `phpenmod -v 8.1 -s fpm pdo_pgsql` inakirudisha mahali pake.

Upande wa kanzidata ndiko muda unakopotelea, na wengi huufikia wakiwa wamechoka. Kwenye MySQL, PHP ikiambiwa `localhost` hupitia soketi ya Unix, faili la mawasiliano ya ndani ya mashine. PostgreSQL ikiambiwa `localhost` hupitia mtandao, na soketi huitumia pale jina la mwenyeji likiachwa tupu. Kwenye soketi, mpangilio wa Debian na Ubuntu ni `peer`: PostgreSQL inamtazama mtumiaji wa Linux anayebisha hodi. FPM inabisha kama `www-data`, mfumo unajitambulisha kwa jina jingine, na unarudishiwa `Peer authentication failed` hata kama nenosiri ni sahihi herufi kwa herufi. Hakuna aliyelitazama. Andika `127.0.0.1` kwenye mipangilio ya mfumo, hakikisha mstari wake upo kwenye `pg_hba.conf`, faili la PostgreSQL linaloamua nani aingie na kwa njia ipi, kisha ujaribu kwa mkono kutoka kwenye seva ileile ya tovuti: `psql -h 127.0.0.1 -U mtumiaji -d kanzidata`. Hapo ukikataliwa, PHP haina kosa, usiipoteze nayo muda. Kanzidata ikiwa kwenye mashine nyingine, kumbuka `listen_addresses`, anwani ambazo PostgreSQL inasikiliza, huja ikiwa imefungwa kwa `localhost` peke yake, na porti 5432 ifunguliwe kwa anwani ya seva ya tovuti tu. Wenye Rocky au AlmaLinux, aina nyingine za Linux, wana mlinzi wa ziada, SELinux. Yeye atawazuia kimya kimya mpaka waandike `setsebool -P httpd_can_network_connect_db 1`.

Piga na hesabu ya miunganisho. PostgreSQL huja na `max_connections` 100, tatu kati yake zikiwa zimewekwa akiba kwa ajili ya msimamizi mkuu. Kama `pm.max_children` ya FPM, idadi ya juu ya michakato yake kwa wakati mmoja, ni 120, siku wanafunzi wote wanapofungua matokeo kwa pamoja, wa 98 na wanaomfuata watakataliwa mlangoni. Usikimbilie kuipandisha PostgreSQL hadi 500; kila muunganisho kwake ni mchakato kamili unaokula RAM. Mara nyingi dawa ni kuipunguza FPM.

Saa ya kufanya kazi nayo uichague. `systemctl reload php8.1-fpm` ni laini kuliko `restart`, lakini kama `process_control_timeout`, muda wa kusubiri maombi yamalizike, imebaki sifuri, ilivyo kwa kawaida, maombi yaliyo katikati yanaweza kukatwa hata kwa `reload`. Mtu aliyekuwa anathibitisha malipo dakika hiyo hatajua kwamba wewe ulikuwa mpole.

Lile lililonikesha lilikuwa baada ya yote hayo kwenda vizuri. Kiendelezi kiliwaka, tovuti ikafunguka, data ikahamia PostgreSQL, nikafunga kompyuta. Saa nne usiku simu ikaita: watu wanajisajili, lakini hakuna anayepata SMS. Nilizunguka kote, nikamlaumu hadi mtoa huduma wa SMS. Kumbe kile kichakata foleni cha Laravel (mchakato wa PHP unaofanya kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma SMS), kinachoshikiliwa na Supervisor, programu ya kukiweka hai, kilikuwa kimewaka wiki tatu mfululizo. Mchakato wa aina hiyo husoma mipangilio mara moja unapoanza na kukaa nayo. Kwa hiyo tovuti ilikuwa inaandika kazi kwenye PostgreSQL, chenyewe kinasubiri kazi kwenye jedwali la MySQL ambako hapakuwa na kitu tena. Na kwa kuwa kilitumia CLI ya 8.3, hata nilipokiwasha upya kilianguka papo hapo: `could not find driver`. Ilibidi nisakinishe na `php8.3-pgsql`, saa sita kasoro usiku. Siku hizi kabla ya kuanza naandika `ps aux | grep php`, nahesabu kila mchakato ulio hai, nafungua na `crontab -l` (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba) ya kila mtumiaji, na kila kinachoita PHP nakiandikia namba ya toleo lake kwenye karatasi.